Shorewanda mwenye mdomo kombo ana mwaka wa pili uani kwangu. Anaishije?

#1 Mpapai wa Chikongola
Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chikongola. Nyuma ya nyumba nina mpapai, karai la maji ya kuku na kamba ya kuanikia nguo. Tangu mwaka jana mwezi wa saba kuna shorewanda mmoja anakuja kila siku. Kwa wasiomjua, ni yule wa kichwa cheusi mwenye manjano chini ya mkia, wengine mnamwita shore.

Huyu mdomo wake wa juu umerefuka na kupinda kushoto, wa chini umekwenda kulia. Akiufunga inapishana kama mkasi uliolegea ribiti. Kudonoa hawezi. Nimekaa na kikombe changu cha chai nikamwangalia vizuri: papai likiiva na kupasuka, anashuka, analaza kichwa ubavu mpaka shavu linagusa tunda, halafu anakomba kwa upande wa mdomo, kama mtoto anayemalizia uji kwenye sahani. Akishiba anakwenda kwenye kamba anafuta mdomo huku na huku, mara tatu nne. Kifuani manyoya yamechakaa, yana utomvu wa papai uliokauka. Na mguu wa kulia kidole cha nyuma ni kigutu, hakina ukucha.

Maswali mawili. Kimempata nini? Na anaishije? Mama watoto anasema anaishi kwa sababu ya papai letu. Mimi nasema huyu hata tungehama angeishi. Tumebishana mpaka nimeamua kuwaletea nyie.

#2 Siti ya Dirishani
Picha?

#3 Mpita Njia 47
Nimekaa paleee na karanga zangu.

#4 Pampu Mgongoni
Mkuu jibu unalo, angalia kalenda. Mwezi wa nane huu. Huku Tandahimba ukipita shambani alfajiri utadhani ukungu, kumbe salfa. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, tunaupiga unga wa salfa tangu mikorosho ianze kutoa maua. Sisi wapulizaji tunafunga vitambaa usoni na bado macho yanawaka mpaka usiku. Ndege yeye analala humohumo kwenye majani, anakula wadudu wa humohumo. Unategemea mdomo unyooke?

#5 Ticha Mstaafu
Mkuu #4, pole na kazi. Ila salfa usiibebeshe zigo zima. Hata yai la kuku lina salfa ndani, ndiyo maana likioza linanuka vile. Inawasha macho, inabana kifua, hilo kweli. Kupinda midomo ya ndege ni shitaka jingine.

Kinachofahamika vizuri ni madini ya seleni. Mwaka 1983 kule California, Marekani, kwenye mabwawa ya Kesterson, maji yaliyotoka mashambani yalikusanya seleni nyingi mno. Vifaranga wa ndege wa majini wakatotolewa hawana macho, wengine hawana miguu, wengine midomo imepinda. Lakini angalia tofauti: wale waliharibikia ndani ya yai na wengi hawakufika popote. Huyu wa mleta mada ni mtu mzima, anaruka, anagombea papai.

#6 Pampu Mgongoni
Ticha shikamoo. Nakubali umesoma, lakini mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, hapigwi kwa salfa. Anapigwa kwa dawa za maji, na hizo majina yake hata mimi ninayezibeba mgongoni siyashiki yote. Salfa nimeitaja kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwa macho.

#7 Ticha Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye dawa za maji umenibana, sitabisha.

Ila nieleze jinsi mdomo unavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi tunateleza. Ndani ya mdomo wa ndege kuna mfupa. Juu ya mfupa kuna ganda la kitu kilekile kinachotengeneza kucha zako, na ganda hilo linakua siku zote za maisha yake. Halirefuki ovyo kwa sababu linasagika: juu na chini zinakutana, anadonoa vitu vigumu, anausugua kwenye matawi. Sasa siku juu na chini zikiacha kukutana, hata kwa kasoro ndogo tu, hakuna cha kusaga. Kila upande unaendelea kukua na njia yake. Kwa hiyo kombo kubwa unayoiona leo inaweza kuwa ilianza na jeraha dogo kama punje ya mtama. Ukiniuliza mimi, alijigonga au aligongwa.

#8 Siti ya Dirishani
Aligongwa = manati. Uzi umefungwa, tawanyikeni.

#9 Mpapai wa Chikongola
#2 na #8, picha nitaleta, simu yangu ikivuta karibu anatoka kama doa la masizi. Na manati, wale vijana wa nyuma wanazo, sikatai. Ila jiwe la manati na shorewanda, kweli anabaki na mdomo uliopinda tu?

#10 Mshipi Mbovu
Anabaki na chochote kilichobaki mkuu. Mimi ni mtu wa Mikindani, utoto wangu nimetega sana, Mungu anisamehe. Sisi hatukuwa na hela ya mpira wa manati, tulikuwa watu wa ulimbo. Unachukua utomvu wa fenesi, unauchemsha na mafuta kidogo, unausokota kwenye kijiti mpaka unakuwa mzito kama tambi za bibi. Kijiti unakiweka juu ya mtungi wa maji. Ndege akitua kanasa.

Sasa sikiliza. Si wote tuliowapata. Wengine walivuta mpaka wakachomoka, kijiti ukikiangalia kina manyoya na mara moja moja kidole. Kidole kabisa, na ukucha wake. Kwa hiyo mleta mada, huo mguu wa kulia mimi naufahamu. Mdomo sijui, lakini kidole hicho kilibaki kwenye kijiti cha mtoto fulani.

Na huku baharini membe ndio wanatia huruma. Mshipi wa nailoni ukikatika hauozi. Unamkuta membe kazungushiwa mguu, mshipi umezama nyamani, mguu umevimba, siku nyingine unamwona mguu haupo na yeye yuko juu ya ngalawa anasubiri utumbo wa samaki kama wenzake.

#11 Msusi wa Ligula
#10 umenikumbusha. Kwenye paa la saluni yangu wanalala njiwa wa jirani. Nilishangaa kila njiwa wa pili ana kasoro ya vidole. Siku moja mmoja kaingia ndani mwenyewe, amechoka, tukamfunika kitenge. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa pamoja na nyuzi nyeusi. Nikadhani ni uzi wa cherehani. Nikachukua wembe wa kunyolea nyusi na sindano ya kufumia, nikaanza kukata uzi mmoja mmoja, mteja wangu ananishikia tochi ya simu. Wakuu, zilikuwa rasta. Rasta namba moja, nyeusi, za kwangu mwenyewe ninazofagia nje kila jioni! Vidole viwili vilishakauka kama karafuu, vilidondoka humohumo kwenye kitenge. Alikunywa maji, akaondoka. Bado yupo, namjua kwa kutembea kwake.

#12 Baharia Nchi Kavu
Dada #11, hili lako lina wenzake mbali sana. Mwaka 2019 watafiti wa Paris, Ufaransa, walihesabu njiwa wa mitaani waliopoteza vidole. Waliwakuta zaidi kwenye mitaa yenye kelele na hewa chafu, na wakaona pia pana mwelekeo wa tatizo kuongezeka palipo na saluni nyingi za nywele. Maelezo yao ni hayohayo: nywele na nyuzi zinazofagiliwa nje zinawafunga miguu wakiwa wanatembea chini kutafuta makombo. Ndiyo maana njiwa ndiye anayeumia, wenzake wanaokaa juu ya miti hawapati.

#13 Msusi wa Ligula
Kwa hiyo wasusi tumeshahukumiwa mpaka Ulaya. Sawa. Asante kaka, siku hizi nafungia kwenye mfuko.

#14 Konda wa Newala
Sio wasusi peke yao dada, usijitwishe. Huku kwetu kuna mnazi nyuma ya ghala umejaa viota vya mnana. Zamani walijenga kwa majani mabichi ya mnazi na ya mahindi. Siku hizi wanachomoa nyuzi za viroba. Kiota kinang'aa cheupe kama kimeezekwa na bati. Nyuzi hizo hazikatiki. Kifaranga anazaliwa ndani, mguu unaingia kwenye kitanzi, anakua na kitanzi kinabaki palepale. Nimeona mnana ananing'inia nje ya kiota kwa mguu, tayari mkavu. Na nimeona wawili wanaoruka na kigutu. Ninachotaka kusema, sio kila kigutu ni ulimbo.

#15 Mshipi Mbovu
#14 shorewanda anajenga kwa viroba?

#16 Konda wa Newala
Sijasema hivyo. Nimesema mnana. Soma taratibu, bahari haikimbii.

#17 Kanzu ya Ijumaa
Wakuu na mimi nina wangu. Niko Lindi, Mitwero. Kila asubuhi juu ya ukuta anakaa tetere wa mguu mmoja. Mmoja tu, wa pili haupo kabisa, hata kigutu hakuna, kama alizaliwa hivyo. Anakaa pale saa nzima ametulia kama sanamu. Nimekuwa namwekea mchele. Watoto wamempa jina Kapteni.

#18 Siti ya Dirishani
Kapteni akiruka, angalia chini.

#19 Ticha Mstaafu
#17 mwanangu, hebu mwangalie tena akiwa anatembea. Ndege wengi wakipumzika wanakunja mguu mmoja na kuuficha ndani ya manyoya ya tumbo. Mguu hauna manyoya, unapoteza joto, kwa hiyo anauhifadhi na kubadilisha.

#20 Mpita Njia 47
Ticha, baridi gani ya Lindi ya kuficha mguu? Ungesema Newala mwezi wa saba ningekuelewa.

#21 Ticha Mstaafu
Alfajiri ya kusi hujatoka nje wewe. Na wengine wanaukunja kuupumzisha tu, hata kukiwa na jua.

#22 Kanzu ya Ijumaa
Nimerudi. Nimemrushia mchele upande wa pili wa ukuta akalazimika kutembea. Ana miwili. Mizima. Mizuri. Uongozi wa jukwaa naomba mfute #17.

#23 Siti ya Dirishani
Hahahaaa haifutwi hiyo. Kapteni kalipwa mchele kwa ulemavu hewa. Huyo ni wa kufikishwa ofisi ya mtaa.

#24 Chauro wa Mtama
Jamani na mimi niulize kabla sijachekwa. Kuna kadege kadogo kanang'aa kijani, mdomo umepinda chini kama ndoano, kanakuja kwenye maua ya mkomamanga. Naye ni mgonjwa?

#25 Msusi wa Ligula
Huyo ni chozi kaka. Ndivyo alivyoumbwa, mdomo ule ni wa kuingiza ndani ya maua. Umechelewa, umeshachekwa.

#26 Mama Kuku
Mmejadili majeraha mmesahau magonjwa. Nafuga kuku wa kienyeji mwaka wa kumi na moja huu, niwaeleze ninayoyajua.

Ndui. Hii inaletwa na mbu pamoja na kugusana kwenye majeraha. Inatoa vidonda kama sugu sehemu zisizo na manyoya: kuzunguka macho, pembeni mwa mdomo, miguuni. Kuku akipona anabaki na kovu, wengine wanabaki chongo, wengine ganda la mdomo limeharibika pale lilipokuwa na kidonda. Na ndui ipo kwa ndege wa porini pia, nayo kwao inaambukizwa na mbu hivyohivyo. Mleta mada una karai la maji, kuku na mpapai. Mbu hawakosi.

Mdondo. Huu unampinda shingo. Anayenusurika anabaki anaangalia mbingu. Nilikuwa na jogoo wa hivyo, akitaka kudonoa punje anazunguka mara mbili kwanza kama anayetafuta kituo cha redio. Alikaa mwaka na nusu na alikuwa anapanda majike kama kawaida. Wapeni kuku chanjo ya tone la jicho kila miezi 3, msisubiri.

Halafu lishe. Kifaranga akikosa vitamini B2 vidole vinajikunja ndani kama ngumi. Akikosa kalsiamu na jua mifupa inalegea, anapata matege. Mimi kura yangu kwa shorewanda ni ndui akiwa mdogo.

#27 Mpapai wa Chikongola
Mama Kuku shikamoo, na asante. Kovu sioni, ila kama nilivyosema simwoni kwa karibu kiasi hicho. Macho yote mawili mazima.

#28 Baharia Nchi Kavu
Kuna kitu kingine nilikuwa nasubiri mtu akitaje. Alaska, Marekani, kuanzia miaka ya 1990 watu walianza kuona ndege wadogo wa uani, wenye kofia nyeusi kichwani, midomo imerefuka na kupishana, mingine imepinda juu mingine chini. Wakawakamata na kuwahesabu: kwa wastani kama 6 katika kila 100 walio wakubwa wana tatizo. Hata kunguru wa huko wakaonekana nao. Walitafuta sana sumu, walitafuta upungufu wa lishe. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba wamekuta kirusi kipya kwenye midomo iliyoharibika, wakakiita poesivirusi. Ganda la mdomo linakua haraka kuliko linavyosagika. Ukisoma maelezo ya mleta mada #1 ni kama anasimulia ndege wa Alaska, mpaka ile ya kulaza kichwa ubavu.

#29 Ticha Mstaafu
Kirusi cha Alaska kifike Chikongola kwa usafiri gani? Wale ndege hawahami, wanakaa hukohuko na theluji yao. Na kirusi kingekuwepo tungewaona shorewanda kumi, si mmoja. Mleta mada, una wengine wenye midomo hiyo?

#30 Mpapai wa Chikongola
Huyu peke yake. Wanakuja kama sita, watano wazima.

#31 Baharia Nchi Kavu
Sijasema kimesafiri Ticha. Nimesema virusi vya namna hiyo vipo, na wao walikaa zaidi ya miaka 15 wakibishana kama sisi kabla ya kukiona. Huyo mmoja uliyemwona uani ni yule aliyekuja kwenye papai. Wenye midomo hiyo walioko mbali na papai nani kawahesabu?

#32 Pampu Mgongoni
Yaani kirusi cha theluji kinakubalika, dawa niliyoimwaga jana haikubaliki. Haya.

#33 Kibatari
Nyie endeleeni na virusi. Ndege mwenye mdomo wa kupishana akija uani kwako mwaka mzima, anakuangalia unakunywa chai, huyo sio ndege. Umeshawahi kumwona jioni? Ulizia wazee.

#34 Mpapai wa Chikongola
Jioni nakuwa kijiweni mkuu.

#35 Msusi wa Ligula
#33 kama katumwa basi katumwa kula mapapai. Mwache atumike.

#36 Ticha Mstaafu
Turudi kwenye swali la pili la mleta mada, maana tumelikimbia. Anaishije. Mimi hapa niko upande wa mama watoto. Ndege wa porini anakula mbegu ngumu, panzi, matunda yaliyoshikilia mtini. Mdomo huo haumshiki panzi. Uani kuna papai lililopasuka, wali uliomwagika, pumba ya kuku iliyolowa. Vyote vinakombeka. Bila ua huu alishakufa siku nyingi.

#37 Mshipi Mbovu
Membe wa mguu mmoja hana ua Ticha. Ana bahari.

#38 Ticha Mstaafu
Ana ngalawa yako na utumbo wa samaki wako. Umesema mwenyewe #10.

#39 Mshipi Mbovu
Nimenaswa na ulimbo wangu.

#40 Baharia Nchi Kavu
Naongeza moja. Mdomo wa ndege si kijiko tu, ni kitana pia. Kwa mdomo huo anachana manyoya, anatoa chawa, anapaka mafuta. Wale wa Alaska wenye midomo mirefu manyoya yao yanachafuka na kushikamana, halafu baridi ya usiku inawamaliza kwa sababu manyoya machafu hayahifadhi joto. Sasa mleta mada kasema wake kifua kimechakaa na kina utomvu. Alaska angekuwa ameshakufa Desemba. Mtwara Desemba mtu unatafuta feni. Kwa hiyo mimi nasema si papai, si bidii yake. Ni joto letu.

#41 Mama Kuku
Joto lina chawa pia baba. Kuku asiyejichana nampoteza kwa utitiri, sio kwa baridi. Huyo bado yuko hai kwa sababu nyingine.

#42 Konda wa Newala
Kuna kitu mnakiruka. Tunawaona waliobaki. Mleta mada anaona mmoja aliyejifunza kulaza kichwa. Wangapi mdomo ulipinda wakashindwa kujifunza wakafia kichakani wiki ya kwanza? Hao hawaji uani na hawafunguliwi uzi. Tukisema "ndege walemavu wanaishi" tunahesabu waliofika tu, kama mimi nikihesabu abiria waliopanda gari langu nikasema Newala kila mtu ana nauli.

#43 Siti ya Dirishani
Konda leo umeongea. Chukua maji nitalipa.

#44 Chongo wa Shangani
Mimi nina macho mawili, jina nimepewa na kunguru. Kuna kunguru wa Zanzibar hapa Shangani ni chongo la jicho la kushoto. Anakula nao, anaiba nao, na wakati wa kuiba dagaa anakaa jicho zima likiwa upande wa mtu na bovu upande wa ukuta. Kila mara. Nilijaribu kumzunguka upande wa jicho bovu nimpige fagio, akageuka kabla sijainua mkono. Wale waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka, leo wanasafisha jiko langu. Sio kila kiumbe anahitaji papai lako, wengine wanahitaji uzembe wako tu.

#45 Mpita Njia 47
Karanga zimeisha. Nani anajua minada ya korosho inaanza lini mwaka huu?

#46 Pampu Mgongoni
Oktoba kama kawaida. Tujikite kwenye mada kijana.

#47 Mjukuu wa Rondo
Kwa kuwa mmeshatoka nje ya mada, mimi natoka kabisa. Ndege ni uzao wa dinosaria. Na dinosaria wakubwa walikuwa kwetu Lindi, Tendaguru. Yule mjusi mkubwa aliyeko Berlin ndiye babu wa shorewanda. Kwa hiyo huyu mdomo kombo ni mzaliwa wa Lindi aliyehamia Mtwara. Tunadai.

#48 Ticha Mstaafu
Unadai kwa hati ya kughushi. Yule wa Berlin, aliyechimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, mifupa iliyosimamishwa ina urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu, ni wa ukoo wa wala majani wenye shingo ndefu. Ndege hawatoki tawi hilo. Wanatoka tawi la wale waliotembea kwa miguu miwili, wengi wao wala nyama. Wa aina hiyo Tendaguru walikuwepo pia, kama yule aliyeitwa Elaphrosaurus. Hata huyo si babu, mwite mjomba wa mbali.

#49 Baharia Nchi Kavu
Ticha kabla hujaondoka Tendaguru: kuna dinosaria mwingine wa hukohuko, mdogo, mla majani, Dysalotosaurus. Mwaka 2011 wanasayansi wa Ujerumani walipiga picha ndani ya pingili yake moja ya uti wa mgongo, wakakuta mfupa umevimba na kujipanga vibaya, sawa na ugonjwa wa mifupa unaowapata wazee siku hizi unaoitwa wa Paget. Nao wakataja kirusi kama sababu inayowezekana. Pingili ina umri wa miaka kama milioni 150.

#50 Mjukuu wa Rondo
Kwa hiyo kirusi kilikuwa Lindi kabla ya Alaska. Ticha uliuliza kilikuja kwa usafiri gani?

#51 Ticha Mstaafu
Nimecheka peke yangu barazani mpaka mjukuu kaniuliza. Si kirusi kilekile bwana!

#52 Mama Kuku
Na bado hamjasema kama mleta mada amkamate au amwache. Mimi kuku wangu mdomo ukizidi naukata ncha kidogo kwa kikatio cha kucha, kidogo sana, maana ndani kuna damu. Ndege wa porini sikushauri. Atakufa kwa mshtuko mkononi kabla hujafungua kikatio. Badilisha maji ya karai kila siku, lisugue, basi. Kama ni ndui hutaki wenzake watano wanywe humo.

#53 Mpapai wa Chikongola
Sawa Mama Kuku. Karai nasugua kuanzia kesho. Papai nalo nitakuwa napasua mwenyewe, mama watoto amefurahi, anasema ameshinda kesi.

#54 Mpapai wa Chikongola
Wakuu, nimerudi, ni wiki ya nane sasa. Kuna jambo. Shorewanda alipotea siku tano. Tukasema paka. Jana asubuhi karudi, kakaa kwenye kamba palepale. Mdomo wa juu umekatika! Ile ncha iliyopinda kushoto haipo, umebaki mfupi kuliko wa chini. Na amedonoa. Nimemwona kwa macho yangu anadonoa mbegu za papai moja moja, anatupa, anadonoa. Kichwa halazi tena.

#55 Pampu Mgongoni
Salfa imeisha msimu. Nilisema.

#56 Ticha Mstaafu
Ganda likirefuka sana linakuwa jepesi, linakatika kwenye kamba au tawi. Ulisema anafuta mdomo kwenye kamba kila siku. Litakua tena, na sijui kama litanyooka safari hii. Andika tarehe.

#57 Konda wa Newala
Au yule kafa na huyu ni mwingine. Siku tano ni nyingi.

#58 Mpapai wa Chikongola
Ni yeye Konda. Nimeangalia mguu wa kulia, kidole cha nyuma ni kigutu, hakina ukucha.

#59 Mshipi Mbovu
Mkuu, kijiti kimoja cha ulimbo kilikuwa kinanasa mpaka watatu.

#60 Siti ya Dirishani
Picha?